Mwaka Tuliosomea Siasa Bomani

Tulimzika Haule huko Mpitimbi siku ya Alhamisi, mvua ikinyesha ile nyembamba isiyoonekana kulowesha lakini inaingia mpaka kwenye mifupa. Nilitembea kutoka Mshangano na fimbo yangu, nikafika kaburi limekwisha chimbwa. Baada ya maziko tuliketi barazani kwake, na mjane wake, Mama Kristina, akaja mwenyewe kuninawisha mikono, ingawa palikuwa na mabinti wengi wa kufanya kazi hiyo. "Amekutaja mara nyingi kuliko unavyodhani, shemeji," akasema polepole, akimimina maji. Kwa miaka yote ile tuliyoishi mwendo wa asubuhi moja mimi na Haule, tukisalimiana sokoni na kuulizana habari za mahindi, hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kukanyaga nyumbani kwake. Ugali ulipoletwa, mjukuu mmoja wa marehemu aliniamkia shikamoo, akauliza kama nilikuwa ndugu yake. "Marahaba," nikasema. "Tulisoma pamoja." "Mlisoma nini zamani hizo, babu?" Nikamwambia, "Siasa." Vijana wakatazamana, wakatabasamu kwa adabu, maana siku hizi siasa ni mambo ya watu wa mjini wenye magazeti na mikutano. Nikaona kuwa nikitaka kueleza itanibidi nieleze mwaka mzima, na chakula kingepoa mbele yetu. Nikala. Lakini tangu nirudi, mwaka ule unanijia mchana kweupe, nikiwa nimekaa tu nikitazama kuku, na ninauona wazi kuliko ninavyoziona kuta za nyumba hii.

Chumba chetu kilikuwa upande wa boma la Songea unaotazama milima ya Matogoro. Kuta zake zilikuwa za mawe na udongo, paa la nyasi, na dirisha moja lisilo na ubao, ambalo asubuhi za masika liliingiza ukungu ndani kama mgeni asiyebisha hodi. Tulikuwa vijana sita. Tulikaa juu ya masanduku yaliyobebwa na wapagazi kutoka pwani, na meza yetu ilikuwa mlango mkuukuu uliolazwa juu ya mawe. Ukungu ulipokuwa mzito sikumwona aliyekaa upande wa pili wa meza, nilisikia kalamu yake tu ikikwaruza, na mara nyingi aliyekuwa upande ule ni Haule. Wino tuliukoroga wenyewe kutokana na unga mweusi, na harufu yake, iliyochanganyika na ya nyasi mbichi na ya moshi wa jikoni, sijaikuta tena mahali pengine popote. Nikiifikiria sana, kichwa changu huwa chepesi, nikarudi kuwa kijana mwenye vidole vyeusi, anayeamini kwamba dunia nzima inaweza kuenea katika karatasi iliyopigwa mistari vizuri.

Mwalimu wetu aliitwa Mwalimu Hamisi, mtu wa Pangani, mrefu, mwenye kanzu aliyoifua mwenyewe kila Alhamisi kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine na weupe wake. Wadachi, yaani Wajerumani, walimleta atufundishe tuwe makarani, wakalimani, na baadaye maakida, watu wa kukaa kati ya boma na vijiji. Asubuhi tulijifunza herufi na hesabu. Jua likipanda, alifunga kitabu na kusema, "Haya, sasa siasa." Neno hilo wakati ule lilikuwa na maana nyingine. Mtu wa siasa alikuwa mtu mpole, mwenye kupima mambo, asiyekurupuka. Mwalimu Hamisi alilitumia kwa kila kitu kinachohusu kutawala: amri inaanzia wapi na kuishia wapi, shauri linasikilizwaje, kwa nini barabara ipite kijiji hiki na si kile, nani aulizwe kwanza, nani asikasirishwe. "Nguvu anayo hata fahali," alisema. "Siasa ni kumfikisha fahali zizini bila ya mtu kuumia." Tuliyaandika maneno hayo. Nadhani hata yeye aliyaamini, alipokuwa ndani ya chumba kile.

Alitufundisha kwa kutuchezesha baraza. Siku moja alinifanya mimi kuwa akida na Haule kuwa mkulima. Shauri lenyewe lilikuwa msitu: serikali imekataza watu kukata miti mlimani, naye mkulima amekamatwa na shoka. Nilikaa juu ya sanduku la juu, nikakunja uso. Haule akaja mbele yangu, akapiga magoti kama mzee wa kijijini, mpaka wenzetu wakaanza kucheka. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Bwana akida, msitu ule ulikuwa wa nani kabla ya kuandikwa?" Nikasema ulikuwa hauna mwenyewe. "Na babu yangu aliyezikwa mle, alizikwa kwa nani?" Nikamtazama mwalimu, naye akatazama dirishani. Nikasema, "Amri ni amri." Wenzangu wakapiga makofi, wakidhani nimeshinda. Mwalimu Hamisi hakucheka. "Nyoni," akaniambia, "akida akiishiwa na jibu husema hivyo. Siku ukiusikia ulimi wako unasema hivyo barazani, jua umeshindwa, hata kama askari wamesimama nyuma yako." Haule akainuka akijipangusa vumbi magotini, akanikonyeza. Jioni ile tulikula sahani moja kama kawaida, na hakulitaja tena jambo lile.

Chakula chetu alikipika mke wa askari mmoja, Mama Zainabu, mwanamke mnene aliyepika akiongea. Jiko lake liligusana na ukuta wa darasa letu, na ukuta ule ulikuwa na ufa. Kwa hiyo nusu ya elimu yangu ya mwaka ule niliipata kwa mwalimu na nusu kwenye ufa. Wanawake wa vijijini waliomletea unga wa ulezi na majani ya maboga walikaa pale kupumzika, wakazungumza. Ndipo nilipomsikia mmoja wao, mwenye sauti nyororo kama ya mtu anayebembeleza mtoto, akisimulia kwamba mashariki kuna mganga mwenye dawa ya maji, na mtu akinywa na kupakwa, risasi ikimfikia inageuka maji vilevile. "Umeyaona wewe?" Mama Zainabu akauliza. "Sijayaona. Lakini nimewaona walioyaona." Nikasikia mwiko ukigonga chungu. "Basi usiyaseme hapa, dada. Mume wangu analala na bunduki." Nilitazama upande wa pili wa meza. Haule alikuwa ameacha kuandika. Ukungu ulikuwa umeondoka siku ile, na nilimwona vizuri uso wake: alikuwa kama mtu anayesikia akiitwa kutoka mbali, akijiuliza kama jina ni lake.

Miezi ya kiangazi walianza kutupa kazi za kweli. Bwana aliyekuwa mkubwa wa boma, ambaye watu walimwita Bwana Shauri, alijua Kiswahili vya kutosha, na kila mwisho wa mwezi alitaka taarifa za maakida zinakiliwe kwa mwandiko mzuri. Wangu ndio uliokuwa mzuri kuliko wa wote, nami nilijivuna kwa ajili hiyo kuliko inavyofaa kueleza. Maakida waliingia mmoja mmoja, wanasimama, wanasema mambo yote ni salama, nami naandika: Nchi imetulia. Niliandika maneno hayo kwa kila kijiji, herufi ya kwanza nikiipinda mkia. Siku moja Haule alisimama nyuma ya bega langu akasoma. "Imetulia?" akauliza. Nikamwambia ndivyo alivyosema akida. "Na wewe umesikia nini kwenye ufa?" "Ufa si akida," nikamjibu, nikaona nimesema jambo la akili. Akaniwekea mkono begani, akauacha pale muda mrefu. Siku hizi nikiukumbuka mkono ule, nahisi uzito wake. Wakati ule nilikuwa nachelea tu asinitikise nikachafua karatasi.

Jumapili hatukuwa na masomo. Tulishuka kijitoni kufua, tukaanika nguo juu ya mawe, tukalala kwenye nyasi tukiwa tumejifunga vitambaa viunoni, na milima ya Matogoro ikionekana karibu kiasi cha kunyoosha mkono. Ilikuwa saa ile ya mchana ambayo hata ndege husinzia. Haule alisema, bila kunitazama, "Nimekunywa." Nikamwuliza amekunywa nini, ingawa nilijua. "Kwa mjomba, juzi. Yeye na watu wake wote." Mjomba wake alikuwa nduna, mmoja wa wakubwa waliokuwa chini ya nkosi, mfalme wa Wangoni, na sisi wote tulimheshimu. Nikainuka nikakaa. "Haule, wewe umesoma. Unaamini maji yanazuia risasi?" Akafikiri. Kila alipofikiri alikuwa na tabia ya kung'oa unyasi na kuuchana vipande virefu. "Siamini maji," akasema. "Naamini watu waliokunywa. Mngoni, Myao, Mndendeule, Mmatengo, wamekunywa kata moja. Mwalimu Hamisi ametufundisha mwaka mzima, hajatuambia jambo kubwa kama hilo." Kisha akasema, "Njoo." Alisema kama mtu anayemwita mwenzake waende kuoga. Nikasikia maji ya kijito yanapita, yanapita. Nikasema nguo zangu bado ni mbichi. Ndivyo nilivyojibu, Mungu anisamehe: nguo zangu bado ni mbichi. Haule akacheka kwa upole, akavaa zake zikiwa na unyevu, akapanda kilima. Kesho yake sanduku lake lilikuwa tupu, na Mwalimu Hamisi alipoita majina aliliruka la kwake bila kusita, kana kwamba halikuwahi kuwamo.

Vita yenyewe siwezi kuisimulia, maana sikuiona. Niliisikia tu, kama mtu mwenye homa anavyosikia mambo ya nyumba ya pili. Tulifungiwa ndani ya boma. Bunduki zililia asubuhi moja upande wa bonde, mfululizo, kisha zikanyamaza, na ukimya uliofuata ndio uliomfanya Mama Zainabu aweke mwiko chini na kulia, ingawa mumewe alikuwa amesimama mzima mlangoni. Baadaye ukaja moshi. Mwanzo ulikuwa wa upande mmoja, kisha pande zote, mwembamba, wa rangi ya samawati, mzuri kuutazama kama hukujua ni maghala ya nafaka. Mimi nilijua, kwa sababu amri ya kuyachoma niliinakili mwenyewe, nakala tatu. Mwalimu Hamisi alinisimamia nikiandika. Nilipomaliza, aliichukua karatasi, akaitazama, akasema, "Mwandiko safi," kisha akatoka nje akakaa kwenye jua, na siku ile hakutufundisha siasa. Hakutufundisha tena.

Masika yaliporudi walikuja askari wengi kutoka pwani, na afisa mgeni aliyekuja kusikiliza mashauri ya vita. Wafungwa walisema Kingoni, yeye alijua Kiswahili tu, na mkalimani wa boma alikuwa amekufa kwa homa. Kwa hiyo niliitwa mimi. Tulikuwa katika ukumbi mrefu, mvua ikipiga juu ya paa, mwanga ukiwa mdogo kama wa chini ya maji. Mwalimu Hamisi aliketi mezani akiandika. Wafungwa walipita mmoja mmoja, nami nikatafsiri, na baada ya muda sauti yangu haikuwa yangu tena. Niliisikia ikitoka mahali fulani juu ya kichwa changu. Aliingia nduna, mjomba wa Haule. Alijibu kwa maneno machache, akahukumiwa, akaambiwa akae ukutani na wenzake. Baada yake akaingia Haule. Alikuwa amekonda, na alikuwa na kidonda shingoni cha mnyororo.

Afisa aliuliza kwa Kiswahili, "Ulikwenda vitani kwa hiari yako au ulilazimishwa?" Haule alikijua Kiswahili kuliko mimi. Lakini hakumjibu afisa. Alinigeukia mimi, akasema kwa Kingoni, taratibu, kama mtu anayesoma imla: "Nilikwenda mwenyewe. Nilichukua mkuki wa mjomba. Wakiniachia leo, nitakwenda tena." Kisha akangoja. Nilimtazama usoni, nikauona wazi mti uliosimikwa nje na kamba zake. Nikasema kwa Kiswahili, "Anasema alilazimishwa. Wakubwa walimtishia. Anaomba msamaha." Kalamu ya Mwalimu Hamisi ilisimama. Alikuwa amekaa Songea miaka mingi, na Kingoni alikielewa vizuri. Niliisikia mvua, nikamsikia akivuta pumzi, halafu kalamu ikaanza tena kukwaruza. Haule alifungua kinywa. Najua alitaka kusema nini, na alitaka kukisema kwa Kiswahili. Hapo mjomba wake, akiwa amekaa ukutani, akasema kwa Kingoni, kwa sauti ya amri iliyozoea kutiiwa, "Nyamaza, mwanangu. Nani atawalea watoto?" Haule akafunga kinywa. "Mzee anasema nini?" afisa akauliza. Nikajibu, "Anaomba maji ya kunywa." Afisa akaagiza maji yaletwe. Askari akampa mzee kata, naye akaipokea kwa mikono miwili iliyofungwa, akanitazama mimi juu ya ukingo wake, akanywa yote.

Wazee walinyongwa, kama kila mtu wa hapa ajuavyo, na sina la kuongeza. Haule alipewa kazi ya kubeba mawe ya kutengeneza ukuta wa boma. Kwa miezi kadhaa nilimwona kupitia dirisha lilelile la darasa, akipita na jiwe begani katika ukungu, akitokea na kupotea, akitokea na kupotea. Nje ya boma njaa ilikuwa imeanza, watu wakichimba mizizi porini, na wale wanawake waliokuwa wakileta unga hawakuja tena jikoni. Nilimwachia Haule ugali wangu juu ya ukuta mara tatu. Mara zote tatu aliugawa kwa waliofungwa naye, hakuonja, wala hakuelekeza macho dirishani. Mimi niliona ametendewa wema akaupokea kwa kiburi. Nilikuwa kijana. Nilidhani mtu akiwa hai basi mengine yote yatajipanga yenyewe nyuma ya uhai wake.

Siku aliyofunguliwa, alikuja darasani. Wenzangu walikuwa wamepelekwa vituoni, nami nilikuwa peke yangu nikipanga karatasi, barua yangu ya kuwa karani wa baraza ikiwa imekwisha kutoka. Nilisimama nikafurahi, nikamkaribisha akae. Hakukaa. "Nionyeshe nilivyoandikwa," akasema kwa Kiswahili. Nikalifungua daftari, nikampa. Akasoma akipitisha kidole: jina lake, kijiji chake, alilazimishwa, anaomba msamaha. Akasoma tena. "Uliniokoa, Nyoni. Sikatai," akasema. "Lakini umenitoa nje peke yangu. Wale wote wamebaki mle ndani na maneno yao, mimi niko huku nje na maneno yako. Watoto wa mjomba wataniuliza nilisema nini." Nikaanza kujitetea. Nikataja mti, kamba, mama yake. Akaniacha nimalize, kama tulivyofundishwa kumwacha mshtakiwa amalize. Halafu akavuta sanduku lake la zamani, akakaa, akasema, "Chukua karatasi."

Nikamwambia, "Kalamu hii hapa, andika mwenyewe. Unajua kuandika." Akatikisa kichwa. "Najua. Lakini nataka iwe kwa mkono wako." Basi nikakaa upande wa pili wa meza, naye akanitamkia kwa Kingoni, nami nikaandika kwa Kingoni, lugha ambayo sikuwahi kuiandika, nikizibuni herufi zake njiani. Kwa Kiswahili yangekuwa hivi: Mimi Haule nilikwenda kwa miguu yangu. Hakuna aliyenisukuma. Niliyajua maji kuwa ni maji. Nilikwenda kwa sababu waliokwenda walikuwa watu wangu, na kwa sababu palikuwa na jambo la kusemwa na hapakuwa na baraza la kulisikia. Aliyeandika haya ni Nyoni, ambaye alinisikia vizuri siku ile. Alinisahihisha mahali pawili. Herufi zilitoka mbaya, zimepinda, kama za mtu aliyeanza shule jana. Nilimwomba niinakili upya iwe safi. "Hapana," akasema. "Iache hivyo." Akaigeuza karatasi upande wake, akachovya kalamu, akaweka jina lake chini, polepole, akapuliza wino mpaka ukakauka. Kisha akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la nguo yake, akatoka. Nilikwenda dirishani nimwone akipita. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini, nikamsikia tu akimsalimia askari wa mlangoni, na askari akimwitikia.